Percy Spencer: yatima aliyeacha shule mapema akatuletea maikrowevu

Ukipita mjini Tabora leo, kwenye hoteli, ofisini au katika baadhi ya nyumba za hapa Ipuli zenye umeme wa TANESCO, hutashangaa kukuta sanduku la chuma lenye mlango wa kioo linalopasha wali kwa dakika mbili bila moto wala moshi. Ndiyo maikrowevu.

Pamoja na sanduku hilo yamekuja maswali. Je, linatoa mionzi inayodhuru watu? Kwa nini likiwashwa, Wi-Fi ya karibu inakatika-katika? Na je, ni salama kununua lililotumika, ambalo mlango wake umelegea kidogo?

Mpenzi msikilizaji, maswali yote matatu yanajibika vizuri ukimjua mtu aliyevumbua chombo hiki. Anaitwa Percy Spencer, Mmarekani aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Hakuwa profesa. Hata shule ya msingi hakuimaliza.

Utoto wa tabu

Spencer alizaliwa mwezi Julai 1894 katika mji mdogo wa Howland, jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Ni nchi ya misitu na mbao. Mtu wa Tabora aliyezoea kuona mbao za mninga zikipasuliwa asingejisikia mgeni sana huko, labda kwa sababu ya baridi na theluji tu.

Baba yake alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama alishindwa kumlea peke yake, akamwacha kwa shangazi na mume wake. Percy alipofika miaka saba, yule mjomba aliyekuwa kama baba kwake naye akafariki. Nyumba ikabaki na mama mlezi na mtoto, na riziki ikawa ya kutafutwa kwa shida.

Akaacha shule. Akiwa na miaka 12 alipata kibarua katika kiwanda cha kutengeneza vigurudumu vya mbao vya kuviringia uzi. Alikuwa akiingia kazini kabla jua halijachomoza na kutoka likiwa limeshazama. Maisha hayo yaliendelea kwa karibu miaka minne.

Alipokuwa na miaka 16 alisikia kwamba kiwanda cha karatasi kilicho jirani kinataka kuingiza umeme. Wakati huo, katika vijiji vya Maine, umeme ulikuwa kitu kigeni kabisa. Mafundi hawakuwepo na wa kumfundisha hakuwepo. Spencer alijisomea chochote alichoweza kupata, akajifunza kwa kujaribu, kisha akaenda kuomba kazi. Akawa mmoja wa watu watatu waliochukuliwa kufunga umeme katika kiwanda hicho.

Meli inazama, kijana anajifunza redio

Mwezi Aprili 1912 meli ya Titanic ilizama katika bahari ya Atlantiki. Watu zaidi ya 1,500 walikufa, lakini mamia waliokolewa kwa sababu mafundi wa redio ya meli waliendelea kutuma ishara za kuomba msaada. Habari za mafundi hao zilienea duniani kote na zikamgusa sana Spencer, aliyekuwa anakaribia miaka 18.

Aliamua kuwa mtu wa redio. Akajiunga na Jeshi la Wanamaji la Marekani, ambako alipata nafasi ya kujifunza mawasiliano yasiyotumia waya. Usiku akiwa zamu, alikaa na vitabu. Alijifundisha hesabu, fizikia, kemia na mambo ya vyuma. Yaani yale ambayo wengine waliyapata darasani kwa miaka mingi, yeye aliyapata peke yake kati ya saa za lindo.

Alipotoka jeshini alifanya kazi katika kampuni za vifaa vya redio, na katika miaka ya 1920 akaingia katika kampuni ya Raytheon, karibu na Boston, jimbo la Massachusetts. Kampuni hiyo wakati huo ilikuwa ndogo. Spencer alibaki hapo kwa maisha yake yote ya kazi. Alimwoa Louise, wakapata watoto watatu wa kiume.

Vita na magnetroni

Mwaka 1940 Uingereza ilikuwa vitani na Ujerumani na ilihitaji rada nzuri ya kuona ndege na manowari za adui usiku na katika ukungu. Mwezi Februari mwaka huo, wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot, walifanikiwa kutengeneza kifaa kipya kiitwacho magnetroni. Ni kipande cha shaba chenye matundu ndani yake. Kikipewa umeme mkubwa na sumaku, kinatoa mawimbi ya redio yenye nguvu na mafupi sana, ya urefu wa karibu sentimita 10.

Hapa tusimame kidogo tuelewane kuhusu urefu wa wimbi. Redio ya FM unayoisikiliza hutumia mawimbi ya urefu wa karibu mita tatu, kutoka kichwa cha wimbi moja hadi kichwa cha jingine. Mawimbi ya magnetroni ni ya urefu wa kiganja tu. Wimbi likiwa fupi, masafa yake yanakuwa ya juu, yaani linapiga mara nyingi zaidi kwa sekunde. Kwa jina la kawaida bado ni redio.

Waingereza walipeleka magnetroni moja Marekani mwezi Septemba 1940 kwa siri, wakiomba viwanda vya huko vizitengeneze kwa wingi. Tatizo lilikuwa kwamba kila moja ilichongwa kwa mkono kutoka kwenye kipande kizima cha shaba, na fundi hodari alitumia muda mrefu kuikamilisha. Raytheon waliweza kutoa 17 tu kwa siku.

Spencer aliiangalia kazi hiyo kwa macho ya mtu aliyekulia viwandani. Badala ya kuchonga, alipendekeza kukata vipande vyembamba vya shaba kwa mashine, kuvipanga kimoja juu ya kingine, kisha kuviunganisha kwa joto. Hadi mwisho wa vita Raytheon walikuwa wakitoa magnetroni 2,600 kwa siku. Kwa kazi hiyo Jeshi la Wanamaji lilimpa tuzo kubwa ya utumishi kwa umma.

Chokoleti mfukoni

Kisa kinachosimuliwa zaidi kuhusu Spencer ni cha mwaka 1945. Alikuwa amesimama karibu na magnetroni iliyokuwa ikifanya kazi. Alipotia mkono mfukoni alikuta pipi aliyokuwa nayo, wengi husema ni ya chokoleti, imeyeyuka.

Hakuwa wa kwanza kuhisi joto hilo. Wafanyakazi wengine walijua kwamba mitambo ya rada inapasha mwili ukiikaribia. Tofauti ni kwamba Spencer hakuishia kufuta mfuko. Aliagiza punje za mahindi, akaziweka mbele ya mawimbi, zikaruka kuwa bisi. Kisha akajaribu yai, nalo, inasimuliwa, likapasuka na kumrukia mwenzake aliyelisogelea mno usoni.

Kilichotokea ndani ya yai ndicho kinachotokea ndani ya wali wako. Chembe za maji katika chakula hugeuzwa huku na huko na mawimbi hayo, mara bilioni 2.45 kwa sekunde katika maikrowevu za leo. Kugeuka huko kunazaa joto. Hakuna moto, na chakula hakibaki na mionzi yoyote. Ukizima chombo, mawimbi yanakoma papo hapo, kama vile sauti yetu inavyokoma mtambo wa kurushia matangazo ukizimwa.

Tarehe 8 Oktoba 1945 aliwasilisha ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, na ikatolewa mwaka 1950. Kwa kuwa alikuwa mwajiriwa, haki hiyo ilikuwa ya kampuni. Inaelezwa kwamba yeye alipewa dola mbili tu, kama ilivyokuwa kawaida kwa wavumbuzi wote wa pale.

Chandarua cha chuma

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalizungumzi. Kupata joto kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kulizuia.

Mawimbi yale yale yanayoivisha yai yanaweza kuivisha jicho la mtu. Jicho liko hatarini zaidi kwa sababu sehemu yake ya mbele haina damu ya kutosha ya kuondoa joto. Kwa hiyo Spencer alifungia mawimbi ndani ya sanduku la chuma. Chuma hurudisha mawimbi ya redio kama kioo cha kujitazamia kinavyorudisha mwanga. Ukuta wa chuma ukizunguka pande zote, wimbi linarukaruka ndani mpaka limezwe na chakula. Kanuni hiyo ilionyeshwa mwaka 1836 na Mwingereza Michael Faraday, ambaye naye alianza maisha akiwa kijana maskini anayejifunza kujalidi vitabu.

Lakini mpishi anataka kuona ndani. Ndiyo maana kwenye kioo cha mlango kuna bati jembamba lenye vitobo vidogo vingi. Fikiria chandarua. Hewa inapita, mbu hapiti, kwa sababu tundu ni dogo kuliko mbu. Katika maikrowevu, mwanga una mawimbi madogo mno, unapita kwenye vitobo na wewe unaona chakula. Wimbi la kupikia lina urefu wa sentimita 12 wakati kitobo ni cha milimita moja au mbili. Halipiti.

Pembeni mwa mlango kuna ujanja mwingine. Mlango haugusani kabisa na sanduku, upo mwanya mdogo. Ndani ya ukingo umetengenezwa mfereji wenye kina cha karibu sentimita tatu, robo ya urefu wa wimbi. Wimbi linaloingia mwanyani hukutana na lile linalorudi kutoka kwenye mfereji, yakauana. Ujanja huu unategemea vipimo. Mlango ukipinda, ukijaa mafuta na makombo au bawaba ikilegea, vipimo vinaharibika.

Kutoka kilo 340 hadi mezani

Maikrowevu ya kwanza ya kuuzwa ilitoka mwaka 1947, ikaitwa Radarange. Ilikuwa ndefu karibu kama mtu mzima, na uzito wake ulikuwa kilo 340 hivi. Ilipozwa kwa mabomba ya maji na bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Wanunuzi walikuwa hoteli kubwa na meli. Ilichukua miaka 20 hadi mwaka 1967, ilipotoka ndogo ya kukaa mezani chini ya jina la Amana, kampuni iliyokuwa mali ya Raytheon, kwa dola 495.

Vyombo vilipoingia majumbani, hofu nayo iliingia. Mwaka 1968 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya umeme, na kuanzia mwaka 1971 maikrowevu ziliwekewa kikomo. Chombo kikiwa kipya, kinachovuja kisizidi miliwati moja kwa kila sentimita ya mraba, ukipima umbali wa sentimita tano. Katika maisha yake yote kisizidi miliwati tano. Pia lazima mlango uwe na swichi za kuzima mawimbi mara tu unapofunguliwa. Vikomo vya namna hiyo ndivyo vinavyofuatwa sehemu kubwa ya dunia. Hapa Tanzania, usalama wa mionzi uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na ubora wa bidhaa uko chini ya Shirika la Viwango, TBS.

Spencer hakuiona kanuni hiyo ikianza kutumika. Alifariki tarehe 8 Septemba 1970, akiwa na miaka 76. Alikuwa amepanda hadi kuwa makamu wa rais mwandamizi wa Raytheon, mwenye hataza zaidi ya 100 na shahada ya heshima ya udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Massachusetts.

Kwa nini Wi-Fi inakatika?

Mwaka 1947, mwaka ule ule wa Radarange ya kwanza, mataifa yalikutana Atlantic City, Marekani, kugawana masafa ya redio. Walikubaliana kwamba eneo la megahezi 2,400 hadi 2,500 liachwe kwa mashine za viwandani, kisayansi na kitabibu. Maikrowevu ikakaa katikati, kwenye megahezi 2,450. Mtu yeyote wa mawasiliano ambaye angetumia eneo hilo alitakiwa avumilie kelele za mashine hizo.

Miaka mingi baadaye, watengenezaji wa Wi-Fi na Bluetooth walihitaji masafa yasiyodai leseni. Kituo cha redio hakiruhusiwi kurusha matangazo bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Wi-Fi ya nyumbani haihitaji kibali cha namna hiyo kwa sababu ilihamia kwenye lile eneo la wazi, nyumba moja na maikrowevu.

Fanya hesabu kidogo. Maikrowevu hutoa nguvu ya wati 700 hadi 1,000. Kifaa cha Wi-Fi hutoa takribani wati 0.1. Kwa hiyo, sehemu moja tu katika 10,000 ya nguvu ya maikrowevu ikitoka nje, tayari inalingana na kifaa kizima cha Wi-Fi. Kiasi hicho ni kidogo na hakikuunguzi, lakini kwa simu yako ni sawa na mtu anayepiga ngoma sikioni wakati unajaribu kusikia mnong'ono. Ndiyo maana Wi-Fi kukatika si dalili kwamba unaungua. Redio yako ya FM na mitandao ya simu haiguswi namna hiyo kwa sababu iko kwenye masafa mengine.

Hata wanasayansi wamewahi kuchanganyikiwa. Darubini kubwa ya redio ya Parkes, Australia, ilikuwa ikinasa ishara za ajabu kwa miaka mingi. Mwaka 2015 ilibainika kwamba zilitoka kwenye maikrowevu za hapo kituoni, pale mtu alipofungua mlango kabla muda haujaisha.

Dawa ni rahisi. Sogeza kifaa cha Wi-Fi mbali na jiko kwa mita kadhaa, au tumia masafa ya gigahezi 5 kama simu yako inayo. Ukishindwa, subiri dakika mbili chakula kipate moto.

Kabla hujanunua iliyotumika

Maikrowevu nyingi zinafika kwetu zikiwa zimeshatumika, na zimesafiri njia ndefu kwenye basi au treni. Angalia mlango kwanza, kabla ya rangi na bei. Ufunge na kuufungua. Je, unakaa sawa bila kucheza? Kioo kina ufa? Bati lenye vitobo limetoboka au kushika kutu? Ukingo umepinda? Kama jibu la swali lolote kati ya matatu ya mwisho ni ndiyo, au mlango unacheza, iache. Na kama inaendelea kuunguruma na kupasha wakati mlango uko wazi, chomoa waya hapo hapo na usiitumie tena.

Wapo wanaopima kwa kuweka simu ndani ya maikrowevu iliyozimwa, kisha kuipigia. Ikiita, wanasema chombo kinavuja. Kipimo hicho hakifai. Simu husikia mawimbi dhaifu mno, na iko kwenye masafa tofauti, kwa hiyo inaweza kuita hata ndani ya chombo kizima. Na mtu akisahau akawasha, simu imekwisha.

Usikubali pia kila fundi aifungue. Ndani yake kuna kapasita inayotunza umeme wa zaidi ya volti 2,000, na unaweza kubaki humo hata baada ya waya kuchomolewa. Umeme huo unaua.

Mwisho, usiwashe ikiwa tupu, na usiingize sufuria wala bakuli la chuma. Maziwa ya mtoto yakorogwe na kuonjwa kwanza, kwani sehemu moja inaweza kuwa vuguvugu na nyingine inaunguza. Wenye sola ndogo ya taa na kuchajia simu wasijaribu. Chombo hiki kinakula zaidi ya wati 1,000.

Hayo ndiyo maisha ya Percy Spencer na chombo alichotuachia. Mawimbi yake ni ndugu wa yale yanayokuletea kipindi chetu kila siku. Tofauti yake ni wingi wa nguvu na lile sanduku linaloifungia. Sanduku likiwa zima, pasha chakula chako bila hofu. Likiwa bovu, hakuna bei rahisi inayolingana na macho yako.